Kirilo Japhet: Mwana wa Mlima Meru Aliyekwenda Kuwasemea Watu Wake



Kabla hamjafika kwenye ukurasa wa michango, tunawaomba msome kwanza maisha ya mtu mmoja. Mwaka huu tumemchagua Mzee Kirilo Japhet, ambaye vitabu vingine humwandika Japhet Kirilo. Watoto wetu hukutana naye shuleni katika mstari mmoja wa somo la historia: Mtanganyika aliyekwenda Umoja wa Mataifa kwa ajili ya kesi ya ardhi ya Meru. Mstari huo ni wa kweli, lakini haumwambii mtoto kwa nini ilibidi mkulima wa mlimani avuke bahari ili kusemea shamba lililo nyuma ya nyumba yake. Jibu la swali hilo ndilo tunalotaka kuliweka hapa.

Huenda baadhi yenu mkauliza kwa nini Ngaramtoni imheshimu Mmeru wa Poli. Sisi tuko upande wa magharibi wa mlima, kwenye barabara ya Namanga, na wengi wetu ni Waarusha. Poli iko upande wa pili, jirani na Usa River. Zamani babu zetu na babu zao walipigana, wakanyang'anyana ng'ombe, kisha wakaoana na kushirikiana hata katika rika. Wakoloni walipofika hawakubagua kati yetu. Mlima ulikuwa mmoja na adha ikawa moja. Yaliyowapata Wameru mwaka 1951 yangeweza kutupata sisi, kwa kuwa Mwarusha na Mmeru walikuwa na upungufu uleule: mambo ya ardhi yao yaliamuliwa mahali ambapo wao hawakuwa na kiti.

Mlima uliozungushiwa mashamba

Kisa cha Mzee Kirilo kinaanza kabla hajazaliwa. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani walijibu kwa vita vya kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Mwaka 1900 baadhi ya viongozi wa Meru na Arusha walinyongwa pamoja na Mangi Meli wa Moshi. Watu waliobaki walilazimishwa kujenga boma la Wajerumani mjini Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho.

Baada ya boma walikuja walowezi. Walipewa ardhi chini ya mlima, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, Waingereza waliyachukua mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, lakini hawakuyarudisha kwa wenyewe. Waliyauza kwa walowezi wengine. Mlima ukawa umefungwa mkanda wa mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na mifugo. Juu kulikuwa na msitu wa serikali, chini kulikuwa na mlowezi, na katikati walibanwa Waarusha na Wameru na migomba yao. Mchungaji aliyetaka kupeleka ng'ombe kwenye malisho ya tambarare au kwenye magadi ilibidi apite kando ya ardhi ya mtu mwingine, na mara nyingi alikamatwa na kutozwa faini.

Watu waliongezeka na vihamba vikagawanywa, baba akimpa kila mwana kipande chembamba zaidi kuliko alichopewa yeye. Sisi wa Ngaramtoni hatuhitaji kuelezwa habari hiyo. Tunaiona katika mipaka ya mashamba yetu hadi leo.

Nani aliyekuwa na kiti

Mwaka 1923 sheria ya ardhi iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya usimamizi wa Gavana. Mwaka 1926 likaanzishwa Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Wazungu walikuwemo na Waasia walikuwemo. Mwafrika hakuwemo hata mmoja kwa karibu miaka 20, kwa madai kwamba maofisa wa serikali ndio wanaowasemea Waafrika. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Wote wawili walikuwa watawala wa jadi waliochaguliwa na serikali. Mkulima wa kawaida wa Poli au wa Ngaramtoni hakuwapigia kura, na hakuwa na njia ya kuwauliza walichosema.

Hapa nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Serikali ilitawala kwa kupitia machifu, ikiwalipa mshahara na kuweza kuwaondoa. Washili wa Meru na malaigwanani wa Arusha, ambao ndio watu waliowaamini, walikuwa na heshima nyumbani lakini hawakuwa na sauti bomani. Mlowezi kwa upande wake alikuwa na chama chake cha wakulima, alikula meza moja na Mkuu wa Wilaya, na alisoma gazeti lililoandika mambo yake. Hakuhitaji kuandamana. Alichokitaka kilifika kwa Gavana kabla ya barua ya Mwafrika kupigwa mhuri.

Hivyo tofauti ya rangi na tofauti ya mali zilishikana mikono. Aliyekuwa na ardhi nyingi ndiye aliyekuwa na kiti, na aliyekuwa na kiti ndiye aliyeweza kuongeza ardhi.

Kijana wa Poli na ripoti ya Jaji

Kirilo Japhet alizaliwa Poli mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati Waingereza ndio kwanza wameanza kutawala. Alikua katika jamii ya wakulima wa ndizi na kahawa, chini ya kanisa la Kilutheri ambalo lilikuwa limeota mizizi Nkoaranga. Alipata elimu, akawa miongoni mwa vijana wa Meru walioweza kusoma barua za serikali na kuzijibu kwa lugha ya serikali. Wakati huo huo hakuacha kuwa mtu wa nyumbani. Wazee walimjua, na alijua shamba la kila ukoo lilianzia wapi.

Mwaka 1946 serikali ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza matatizo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Jaji alikubali kwamba Waafrika wa milimani wamebanwa, na alipendekeza baadhi ya mashamba yanunuliwe ili wapanuke. Lakini alipendekeza pia kwamba ardhi iliyo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro ipangwe kwa rangi, ili eneo la walowezi liwe moja lisilokatwa na makazi ya Waafrika. Ili hilo litimie, Wameru waliokaa Ngarenanyuki waondoke, wapewe King'ori.

Kwenye ramani ilionekana kama kubadilishana tu. Kwa Wameru haikuwa hivyo. Ngarenanyuki ilikuwa na maji na malisho, na sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameshaikomboa kwa mali yao wenyewe. Walikuwa na nyumba, makanisa na makaburi pale. King'ori waliifahamu kuwa nchi ya joto na homa, ambako ng'ombe wao wangekufa. Zaidi ya yote, hawakuulizwa. Jaji alikuwa amewasikiliza watu wengi, lakini wakati wa kuamua hakukuwa na Mmeru mezani.

Walifanya kila ambacho mtu asiye na kiti anaweza kufanya. Walikataa katika mikutano, waliandika barua, walituma wajumbe bomani. Waliunda umoja wa raia wa Meru, na Kirilo akawa mmoja wa watu wa mbele katika umoja huo. Wengi walipoteza imani na Mangi Sante, wakiona kwamba serikali inamtumia kama saini ya watu wote. Serikali iliyachukua makataa hayo kuwa ubishi wa watu wachache waliosoma.

Novemba 1951

Katikati ya Novemba 1951 polisi walifika Ngarenanyuki. Serikali ilikuwa imetangaza amri, na muda ulikuwa umekwisha. Wameru walikuwa wamekubaliana wasipigane. Walikaa kwenye nyumba zao, wakatolewa mmoja mmoja, vitu vikapakiwa kwenye malori, nyumba zikabomolewa na kuchomwa moto. Mifugo iliswagwa, na mingi ilikufa. Walioondolewa walikuwa wapata 3,000, na ardhi yao ilikusudiwa kufanywa mashamba 13 ya walowezi wa ufugaji.

Hesabu hiyo inafaa itulie kidogo kichwani mwa msomaji. Watu wapata 3,000 walipisha mashamba 13.

Wengi wao walikataa kwenda King'ori na walikataa fedha za fidia, kwa sababu kupokea fidia kungekuwa sawa na kukubali kuuza. Walirudi kwa jamaa zao mlimani ambako ardhi ilikuwa haitoshi tangu mwanzo. Mwenye chumba kimoja alipokea familia mbili. Hakuna serikali iliyopanga ukarimu huo. Ulipangwa na undugu.

Safari ya New York

Wakati huo Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Waingereza waliisimamia kwa masharti. Sharti mojawapo lilikuwa kuheshimu haki za wenyeji katika ardhi yao. Lingine lilikuwa kwamba wananchi wanaruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua nchi mwaka 1948 na tena mwaka 1951, na Wameru waliutumia ujumbe huo wa pili kueleza shida yao.

Waliomsaidia ni wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Seaton alijua sheria na Kirilo alijua watu. Wameru waliamua kwamba barua peke yake haitoshi, lazima mmoja wao asimame na kusema. Wakamchagua Kirilo.

Nauli haikutoka serikalini, wala kwa tajiri. Wameru walichangishana. Fedha ilitoka kwa watu ambao wengi wao walikuwa wamebanwa na ardhi, na baadhi yao walikuwa ndio kwanza wamechomewa nyumba. Kiasi alichotoa mtu hakikumfanya awe mwenye kesi zaidi ya jirani yake. Aliyetoa shilingi chache na aliyeuza ng'ombe walimtuma mjumbe mmoja, na mjumbe huyo aliwasemea sawasawa, pamoja na wale ambao hawakuwa na kitu cha kutoa.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York akaungana na Seaton mbele ya Umoja wa Mataifa. Historia ya nchi yetu inamkumbuka kama Mtanganyika wa kwanza kusikilizwa pale. Mbele yake walikaa wawakilishi wa Uingereza wakiwa na ramani, takwimu na maofisa waliozoea mikutano kama hiyo. Yeye alikuwa na habari ya nyumba zilizochomwa na majina ya watu aliowafahamu. Alieleza kwamba watu wake hawapingi maendeleo wala hawachukii mtu kwa rangi yake, ila wanapinga kuondolewa kwenye ardhi yao ili ipewe mtu kwa sababu ya rangi yake.

Julai 1952 Baraza la Udhamini lilisikitikia namna watu walivyoondolewa, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Mwishoni mwa mwaka huo suala likafika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko nchi nyingi, hasa zile zilizokuwa zimeonja ukoloni zenyewe, zikawaunga mkono Wameru. Kamati ilipitisha azimio la kutaka ardhi irudishwe. Lilipofika kwenye Baraza Kuu lilipata kura nyingi, lakini halikufikisha theluthi mbili zilizohitajika. Azimio likaanguka.

Kwa hiyo tukisema ukweli mtupu, Kirilo alirudi nyumbani bila kile alichotumwa kukileta. Mtu wa kawaida angejificha. Yeye alifanya kinyume chake, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Kutoka kesi ya Meru hadi kesi ya Tanganyika

Chama cha TAA kilikuwa tayari kimeichukua kesi ya Meru kuwa mfano wa jambo linaloweza kumpata Mwafrika yeyote wa Tanganyika. Kirilo aliporudi, alizunguka majimboni pamoja na wanachama wa TAA akieleza aliyoyaona. Katika mikutano hiyo watu wa Kanda ya Ziwa, ambao hawajawahi kuiona Ngarenanyuki, walisikia habari zinazofanana na za kwao. Kila sehemu ilikuwa na jambo lake, mahali pengine ng'ombe wa kupunguzwa, mahali pengine matuta ya kulazimishwa au kodi. Walichofanana ni kwamba amri ilishuka kutoka kwenye baraza ambalo hawakumtuma mtu.

Ndiyo maana tunasema kushindwa kule New York hakukuwa mwisho. Kulimgeuza msemaji wa Wameru akawa mmoja wa wasemaji wa nchi. Tarehe 7 Julai 1954, TAA ilipogeuka kuwa TANU, watu 17 walikuwa katika mkutano ule wa Dar es Salaam, na jina la Japhet Kirilo limo katika orodha yao pamoja na Joseph Kimalando kutoka Jimbo la Kaskazini. Machi 1955 Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini kudai kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika itakayojitawala, alipita njia ambayo mkulima wa Poli alikuwa ameikanyaga kabla yake.

Nyumbani pia mambo yalibadilika. Wameru walidai utawala ambao watu wenyewe wana sauti ndani yake, na mwaka 1953 Sylvanus Kaaya akachaguliwa kuwa Mangi chini ya katiba mpya. Upande wetu wa Arusha katiba ya baraza ilikuwa imeandikwa upya tangu mwaka 1948, baada ya serikali kumtuma mtaalamu wake Hans Cory kuchunguza utaratibu wetu. Wajumbe wa kuchaguliwa wakaanza kukaa na chifu. Yalikuwa mabadiliko madogo, na bomani bado neno la mwisho lilikuwa la Mkuu wa Wilaya. Hata hivyo watu walikuwa wameanza kuzoea kuuliza aliyewatuma wanaozungumza kwa niaba yao.

Sahani tatu zisizo sawa

Serikali nayo ilijibu madai hayo kwa namna yake. Mwaka 1955 viti vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria vilifanywa 30, kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia na kumi kwa Wazungu. Iliitwa usawa. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika 100,000, na Wazungu walikuwa kama 20,000. Ni kama kumpa mwenye watoto themanini, mwenye mtoto mmoja na asiye na mtoto sahani moja moja ya ugali na kuwaambia kuwa wamegawana sawa.

Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ukaongeza kizingiti cha mali. Ili mtu apige kura ilimpasa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au cheo kinachotambuliwa. Fikirini ni nyumba ngapi za Ngaramtoni ya mwaka ule zingepata mpiga kura. Aliyevuka kizingiti hicho alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa mgombea wa kila rangi, ama sivyo kura yake iharibike. Mahali pengine, kama Geita mwaka 1958, watu waliandamana wakikataa halmashauri za kuchanganya rangi kwa mtindo huohuo.

TANU iliamua Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi huo pamoja na kasoro zake zote. Iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu waliokubaliana na lengo la kujitawala. Hapa Arusha Bi Sophia Mustafa, mwenye asili ya Asia, alichaguliwa kwa msaada wa watu hao hao ambao walikuwa wakipinga ubaguzi. Hilo linatuonyesha kwamba ugomvi haukuwa na Mhindi wala Mzungu kama mtu. Wakili wa Wameru alitoka Bermuda, na mjumbe wa Arusha alikuwa Muasia. Ugomvi ulikuwa na mpango uliompa mtu kiti kwa ngozi yake na kura kwa mfuko wake.

Mpango huo haukudumu. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 viti 50 kati ya 71 viliachwa wazi kwa mtu wa rangi yoyote, na TANU ikashinda viti 70. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Yale mashamba ya walowezi Ngarenanyuki hayakustawi kama waliopanga walivyotarajia, na hatimaye ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru. Anayekula nyanya za Ngarenanyuki katika soko la Arusha leo anakula matunda ya ardhi ambayo watu wake walikataa kuiuza hata walipokuwa hawana pa kulala.

Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Earle Seaton walichapisha Nairobi kitabu kuhusu kesi ya ardhi ya Meru. Ni jambo dogo likilinganishwa na safari, lakini tunalitaja kwa makusudi. Mtu aliyewahi kuandikiwa mambo yake na wengine aliona ni lazima aache maandishi yake mwenyewe. Miaka mingi imepita tangu Mzee Kirilo afariki, na bado tunaweza kumsoma.

Yanatuhusu nini sisi

Siku hizi hakuna sheria inayompa mtu kiti kwa rangi yake. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano huo. Theluthi au robo ya wajumbe wa halmashauri siyo zawadi ya mtu: sheria inataka wanawake wasipungue robo. Haki ambayo Wameru waliifuata New York iko kwenye uwanja wa shule yetu, umbali wa kutembea kwa miguu. Kinachobaki ni kwenda. Ardhi ya Ngaramtoni inauzwa kwa kasi, mji wa Arusha unapanda kuja kwetu, na mkutano usio na watu huamuliwa na wachache waliofika.

Lakini kizingiti cha mfuko hakikufa pamoja na ukoloni. Kinaweza kurudi popote, hata katika chama cha maendeleo kama hiki. Aliye mbali na mwenye uwezo anaweza kuchangia kwa siku moja fedha ambazo mama wa Ngaramtoni hazipati kwa mwaka. Tunamshukuru kwa moyo wote, na bila yeye kazi nyingi zingelala. Hata hivyo kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye gari hajui foleni ya ndoo bombani. Anayeishi mjini hajui ni mtoto yupi anayevuka korongo kwenda shule wakati wa masika. Tukiacha ukubwa wa mchango uamue mradi, tutakuwa tumeunda baraza letu wenyewe la sahani zisizo sawa, safari hii bila kumsingizia mkoloni.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, toeni. Madawati, vyoo vya wanafunzi na mabomba ya maji havijengwi kwa historia. Wameru walimfikisha mtu New York kwa fedha za wakulima, nasi hatuwezi kushindwa kukamilisha darasa. Haba na haba hujaza kibaba. Aliye na elfu mbili atoe elfu mbili bila aibu, aliye na milioni atoe milioni bila kiburi, na asiye na fedha alete jembe, sururu na siku moja ya nguvu zake. Vyote vitaandikwa katika daftari moja.

La pili, njooni kwenye mkutano mkuu wa chama, au mtume ujumbe wenu kwa ndugu aliyeko nyumbani. Kura ni moja kwa kila mwanachama. Kabla ya kuamua bomba lipite wapi, tutawasikiliza kwanza wanaochota maji. Kabla ya kuamua darasa lijengwe wapi, tutawasikiliza walimu na wazazi wa pale pale. Wazee wetu wa rika walikuwa na subira ya kukaa chini ya mti mpaka asiyekubali naye asikilizwe. Subira hiyo hatujaipoteza.

La tatu, wasimulieni watoto habari za Mzee Kirilo, hasa wale wanaokulia Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo. Waambieni kwamba alipewa kazi na watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu, akaifanya mpaka mwisho, akarudi bila ushindi na bado akaendelea kuwasemea. Waambieni pia kwamba hakwenda kujisemea mwenyewe.

Fomu ya mchango iko ukurasa unaofuata. Tunaomba kila nyumba ijaze moja, na kwenye nafasi ya maoni muandike mnachotaka kifanyike kwanza. Nafasi hiyo ni ya lazima kama ile ya kiasi cha fedha, na kamati itasoma zote mbili.